Ndoo Iliyopandishwa Juu ya Stuli: Mfumo Mmoja, Maua Yaliyooza na Maua Yaliyokauka

Familia inaishi ghorofa ya nne, Upanga, Dar es Salaam. Asili yao ni Kilimanjaro, kwa hiyo Desemba ikifika nyumba inafungwa, wote wanapanda Moshi, na hakuna anayerudi mpaka sikukuu zote ziishe. Ndani kulikuwa na vyungu tisa vya maua. Miaka ya nyuma kazi ya kuyamwagilia aliachiwa jirani mwenye ufunguo. Safari hii mpwa wa mama mwenye nyumba, kijana wa chuo, aliwatengenezea mfumo wa kumwagilia wenyewe. Ulikuwa na bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye waifai), kihisi kimoja cha unyevu wa udongo, rilei (swichi inayowashwa na bodi), pampu ndogo ya kuzamishwa ndani ya ndoo ya lita 20, na mpira mwembamba uliogawanywa kwa viungo vya T kwenda kwenye kila chungu. Waliujaribu kabla ya safari, ukafanya kazi bila shida. Wakaondoka na amani.

Waliporudi, ndoo ilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa na alama ya maji yaliyokwisha kukauka, na jirani wa ghorofa ya tatu alikuwa na doa kwenye dari pamoja na maneno ya kusema. Vyungu vya sakafuni vilinuka: mimea miwili ya Sansevieria na mmoja wa Zamioculcas ilikuwa imeoza kuanzia chini. Vya kwenye rafu vilikuwa vimekauka mpaka udongo umejitenga na ukingo wa chungu. Katika vyote tisa, mshubiri ndio pekee uliokuwa kama ulivyoachwa.

Mama mwenye nyumba aliuliza swali moja tu. "Mwanangu, mashine moja inawezaje kuzamisha huku na kuua kwa kiu kule?"

Swali hilo ndilo lililotuongoza, mimi na kijana, kutafuta chanzo. Hitilafu inayomwaga maji mengi ni jambo la kawaida, na hitilafu inayonyima maji nayo ni ya kawaida. Zote mbili kwa pamoja, ndani ya chumba kimoja na kwa pampu moja, zinapunguza sana idadi ya sababu zinazowezekana.

Ushahidi

Kijana alikuwa na yakini kwamba kosa limo kwenye programu. "Kaka, nimeipitia mstari kwa mstari, sijaliona, lakini lazima liwemo." Wanaoandika programu wengi hufikiri hivyo: kitu kikiharibika wanafungua kompyuta kabla ya kuangalia mpira umepita wapi.

Tulianza na simu. Mfumo ulikuwa ukituma ujumbe kila pampu inapowaka na kuzima. Jioni ya siku ya kuondoka kulikuwa na jumbe mbili, imewashwa na imezimwa, zikipishana sekunde chache kama ilivyopangwa. Asubuhi yake kihisi kiliripoti udongo umelowa sana. Kesho yake tena, umelowa sana. Baada ya hapo kimya, kwa sababu bando la ruta lilikwisha. Kwa maandishi yaliyopo, basi, pampu iliwaka mara moja, tena kwa muda mfupi.

Ushahidi wa pili ni pampu yenyewe. Pampu hizi ndogo za volti 3 hadi 6 hupozwa na maji yanayozizunguka. Ikizunguka kwenye ndoo kavu kwa siku nyingi, inaharibika. Hii tuliitia ndani ya beseni la maji ikavuta kama mpya. Kama ingekuwa imekwama ikiwaka mpaka ndoo ikauke, isingetoka salama hivyo.

Ndipo tukauliza ndoo ilikuwa wapi. Siku za majaribio ilikaa sakafuni, ina maji nusu, na uso wa maji ulikuwa chini ya kingo za vyungu vyote. Siku ya safari mama aliijaza mpaka juu, kwa akili ya kawaida kabisa kwamba wiki tatu ni nyingi, kisha akaipandisha juu ya stuli ili dada asiigonge anapopiga deki ya mwisho. Mabadiliko mawili, yote ya busara, na yote yaliupandisha uso wa maji juu ya midomo ya mipira iliyokuwa sakafuni.

Kila aliyewahi kumwona dereva akinyonya petroli kwa mpira anaijua kanuni iliyobaki. Mpira ukishajaa, na mdomo wake wa nje ukiwa chini kuliko uso wa kile kilichomo ndani ya tenki, kimiminika kinajivuta chenyewe mpaka tenki liishe au hewa iingie. Pampu ya aina hii haina vali ya kuzuia. Ikizimwa, maji hupita katikati ya mapanga yake kama kwenye tundu lolote. Zile sekunde chache za jioni ya kwanza ziliujaza mpira tu. Kazi iliyobaki ilifanywa na uzito wa maji.

Tulirudia mbele ya mama: ndoo juu ya stuli, pampu ikawashwa kidogo, kisha nikachomoa waya ukutani kabisa. Maji yakaendelea kutoka.

"Kumbe umeme hauhusiki!" akasema.

Kijana hakujibu. Aliinua ncha ya mpira juu ya usawa wa ndoo, mtiririko ukakatika. Akaushusha, haukurudi. Nadhani hapo ndipo alipoacha kuitafuta programu.

Kuhusu vyungu, vile vya sakafuni vilikuwa ndani ya vyungu vya urembo vya kaure visivyo na tundu chini. Maji yaliyoingia usiku ule yalibaki humo wiki tatu, na yaliyozidi yakafurika. Vya rafuni vilikuwa juu kuliko uso wa ndoo, kwa hiyo maji yanayojivuta yasingeweza kuvifikia. Pengine vilipata matone machache pampu ilipowaka, kwa sababu kwenye viungo vya T maji hukimbilia njia rahisi, yaani ya chini. Kihisi nacho kilikuwa kwenye chungu cha sakafuni, cha Spathiphyllum, na kikasema ukweli mtupu: udongo umelowa. Hata kama ndoo isingekuwa tupu, rafu isingepata kitu, kwa kuwa aliyekuwa akiulizwa kuhusu kiu alikuwa amekaa ndani ya maji.

Kuna jambo dogo la bomba ambalo fundi bomba angeliona haraka kuliko mtu wa elektroniki. Mpira mkuu ulilazwa sakafuni, ukutani, ili usionekane, na matawi ya rafu yakapanda kutoka huko. Laiti tawi moja la rafu lingeanzia pale juu, mpira unapovuka ukingo wa ndoo, hewa ingeingia kupitia tawi hilo mara pampu ilipozimwa na kusingekuwa na kisa. Urembo ndio uliofunga njia ya hewa.

Programu ilikuwa na kosa pia, ila halikuwa limeamka. Mpangilio wake ulikuwa: washa pampu, tuma ujumbe, hesabu sekunde, zima. Na ujumbe usipotoka kwa kukosa mtandao, programu husubiri palepale mpaka mtandao urudi. Bando lingekwisha katikati ya hatua ya kwanza na ya pili, pampu ingebaki inawaka. Halikuhusika na doa la dari, lakini lilitufundisha namna ya kupanga mfumo mpya: kumwagilia ni kazi rahisi, akili yote iwekwe kwenye kuacha.

Nani hasa anahitaji pampu?

Mama alitaka vihisi tisa na pampu tisa. Mimi nilitaka kupunguza, na tulibishana kidogo.

Zamioculcas zamiifolia, ambayo madukani inauzwa kama ua la kigeni la ofisini, ni mwenyeji wa huku kwetu. Huota porini kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Zanzibar, mpaka Afrika Kusini. Wataalamu wa mimea waliiandika tangu 1829, na ni miaka ya 1990 tu ambapo wakulima wa Uholanzi walianza kuizalisha kwa wingi na kuirudisha duniani ikiwa ndani ya vyungu vizuri. Chini ya udongo ina viazi vinavyohifadhi maji, kwa kuwa imezoea kiangazi. Wiki tatu bila tone haziisumbui. Kuiwekea pampu ni kuiwekea hatari isiyokuwepo. Sansevieria ni hivyohivyo, na mshubiri ulikuwa umeshatoa ushahidi wake wenyewe kwa kutoka salama.

Saintpaulia ni habari nyingine. Ni ua la Usambara. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la mtu huyo. Kule msituni hukaa kwenye mawe ya kivulini yenye unyevunyevu, halipendi kukauka wala kuloweshwa majani. Linataka maji kidogo, kutoka chini, wakati wote. Hiyo ni kazi ya utambi: uzi wa nailoni uliopitishwa kwenye tundu la chungu na kushuka ndani ya kopo la maji lililofunikwa. Udongo hujivutia kiasi unachohitaji. Hakuna bodi, hakuna waya, na nailoni haiozi haraka kama pamba.

Tukabaki na vyungu vinne vya kweli: Spathiphyllum aliyenusurika, na vitatu vilivyopandwa upya, yaani kangaga aina ya Nephrolepis, Calathea na mrehani wa jikoni. Idadi hiyo iliniridhisha kwa sababu ya pili pia. ESP32 ina pini za kusomea volti za makundi mawili, na kundi la pili halisomeki ipasavyo waifai ikiwa inafanya kazi. Kwenye kundi la kwanza, pini 32, 33, 34 na 35 zinatosha vihisi vinne bila kubananisha.

Upande wa maji

Sehemu hii ndiyo iliyochukua mawazo mengi, ingawa hakuna hata waya mmoja ndani yake.

Vyungu vyote vinne vilipandishwa kwenye stendi ya chuma, midomo ya mipira ikawa juu ya nusu mita kutoka sakafuni. Ndoo ikarudi chini, na urefu wake hauzidi sentimita 35. Hata ikijaa mpaka ukingoni, maji hayana namna ya kujivuta kupanda. Juu ya hapo, kila mpira ulitobolewa tundu dogo la sindano pale unapotoka kwenye maji, ndani ya ndoo, chini ya kifuniko. Pampu ikiwaka, tundu linarudisha matone machache ndoonimo. Ikizimwa, hewa inaingia hapo na mtiririko unakatika. Kinga mbili kwa tatizo moja, kwa sababu ya kwanza inategemea watu kutoihamisha ndoo, na tayari tunajua watu huihamisha.

Viungo vya T viliondoka. Kila chungu kilipata pampu yake, maana pampu hizi ni rahisi na kugawanya maji sawasawa kwa viungo ni kazi isiyoisha.

Ndoo ilipata kifuniko chenye matundu ya kupitisha mipira tu, yakazibwa kwa sponji. Hili halikuwa la urembo. Dar es Salaam imepigwa na milipuko ya dengi, ya mwaka 2014 na 2019 ikiwa ya kukumbukwa, na mbu wa Aedes anayeieneza hupenda hasa maji safi yaliyotulia ndani na kuzunguka nyumba. Kuanzia yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja na kitu kwenye joto letu. Ndoo wazi ndani ya nyumba iliyofungwa wiki tatu ni shamba la mbu. Kwa sababu hiyohiyo vile vyungu vya urembo visivyo na tundu vilihamishiwa sebuleni kuwekewa maua ya plastiki.

Kisha tukaja kwenye kiasi. Tuliazima mizani ya jikoni. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hiyo ukipima chungu leo na kesho saa ileile unajua mmea umetumia nini, bila kuhitaji kifaa chochote cha kisasa. Vipimo vilichukuliwa madirisha yakiwa yamefungwa na kiyoyozi kimezimwa, kama nyumba inavyokuwa wenyewe wakiwa Moshi, kwa maana kiyoyozi hukausha hewa na kubadilisha hesabu yote. Hakuna chungu kilichohitaji zaidi ya mililita 150 kwa siku. Mara vyungu vinne ni 600. Mara siku 21 ni lita 12 na nusu hivi. Tukachora mstari kwa maka pembeni mwa ndoo kwenye lita 13 na kuandika "MWISHO HAPA". Kujaza ndoo mpaka juu "kwa usalama" kulikuwa kumeongeza lita saba za mafuriko, basi.

Chini ya stendi na ndoo iliwekwa trei ya bati aliyoikunja fundi bati, sentimita 80 kwa 50, kina sentimita 5. Hiyo ni lita 20. Ukitoa nafasi inayokaliwa na ndoo, bado lita 13 zinaenea. Kila kitu kikiharibika kwa pamoja, maji yote yatamwagika, na hayatafika kwa jirani. Mama alipoielewa hesabu hiyo ndipo alipoacha kudai vihisi tisa.

Jambo moja la maji yenyewe halikutatuliwa kwa mashine. Jengo linatumia kisima, na kama visima vingi vya karibu na bahari mjini humo, maji yake yana chumvi. Kwenye vyungu ilionekana kama ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani ya Calathea zilizoungua. Mfumo unaotoa maji kidogokidogo bila kupitiliza chini huirundika chumvi hiyo, na chumvi nyingi huweza pia kukifanya kihisi kione unyevu zaidi ya uliopo. Kwa hiyo ndoo hujazwa maji ya mvua, au yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Na mara kwa mara vyungu huoshwa kwa mkono, maji yapite mpaka chini.

Upande wa waya

Vihisi vilivyotumika ni vya kapasitansi, yaani vinavyopima unyevu bila chuma kugusa udongo, vile vyembamba vyenye umbo la upanga. Vya zamani vya meno mawili ya chuma hupitisha umeme kwenye udongo na kuliwa na kutu ndani ya muda mfupi. Hivi vya kapasitansi vina udhaifu wao: kingo za kibao hazijafunikwa vizuri, hunywa maji, na namba zinaanza kutangatanga. Rangi ya kucha, tabaka mbili kwenye kingo, inatosha. Kingine ni kuangalia saketi ndogo iliyo juu yake. Baadhi ya vibao vinatoka na kipima muda cha aina ya NE555, ambacho hakijatengenezwa kwa volti 3.3, badala ya TLC555. Hufanana kwa macho mpaka usome maandishi kwa miwani.

Namba zinazotoka humo si asilimia. Bodi inasoma kati ya 0 na 4095, na kihisi hiki hushuka namba udongo unapolowa. Kimoja kilisoma karibu 2,900 hewani na karibu 1,300 ndani ya glasi ya maji, mwenzake wa pakiti hiyohiyo akasoma tofauti. Programu nyingi huchukua ncha hizo mbili, zikaita 0 na 100, halafu mtu anaamua kwamba asilimia 40 ni "kavu". Kavu kwa nani? Tulichofanya ni kuacha kila mmea ukauke taratibu huku tukiandika namba ya kihisi pamoja na uzito wa chungu, mpaka dalili ya kwanza. Spathiphyllum ni mwalimu mzuri hapa, maana hulegea majani yote kwa wazi na hurudi ukiunywesha. Namba ya kuanza kumwagilia ikawekwa chini kidogo ya hapo, kabla dalili haijafika, kila chungu na yake.

Rilei ziliondolewa. Nyingi ya zile bodi za rilei huwaka pini ikiwa chini, na wakati bodi inajiwasha pini hazijatulia bado. Ndiyo ile "tik" unayoisikia kila umeme ukirudi. Badala yake kila pampu ina transista ya IRLZ44N, yaani swichi isiyo na kitu kinachosogea, rezista ya omu 10,000 inayoishusha geti (mguu wa kuiamrisha) chini ili kimya cha bodi kimaanishe pampu imezimwa, na dayodi ya kupokea mrudisho wa umeme wa mota. Pampu zina chanzo chao cha volti 5, tofauti na cha bodi.

Betri? Tuliamua hapana. Ua halifi kwa umeme kukatika usiku mmoja, na pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, kwa hiyo ungejidanganya tu. Kilichopata betri ni saa, DS3231 yenye kidonge cha CR2032, ili bodi ijue tarehe hata kama mtandao haupo.

Kukatika kwa umeme kulileta swali gumu zaidi ya betri. Mfumo una kikomo cha mililita 150 kwa siku kwa chungu. Kikomo hicho kikikaa kwenye kumbukumbu ya muda, kila umeme ukikatika na kurudi bodi inaamini ni siku mpya, na siku ambayo umeme unakatika mara sita inakuwa siku sita za maji. Kwa hiyo hesabu huandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu. Tena huandikwa kabla ya pampu kuwaka. Hapo kijana alipinga: "Lakini kaka, tutakuwa tunahesabu maji ambayo bado hayajatoka." Ndiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Pampu ikianza huvuta umeme kwa kishindo. Volti ikishuka bodi inaweza kujizima na kujiwasha, ikasoma udongo ni mkavu, ikawasha pampu, ikazimika tena. Ukiandika baada, mzunguko huo hauna mwisho na kila duru inatoa maji. Ukiandika kabla, kikomo kinafika na mfumo unanyamaza. Bora mmea ukose dozi moja.

Dozi yenyewe ni fupi. Pampu ya lita 120 kwa saa, kama kibandiko kinavyodai, ni mililita 33 kwa sekunde. Kwa kimo cha stendi inatoa pungufu, tukaipima kila moja kwa kikombe cha kupikia. Sekunde chache tu, kisha nusu saa ya kusubiri maji yapenye, kisha kihisi kinaulizwa tena. Kihisi kinatoa ruhusa ya kuomba dozi. Hakina mamlaka ya kuivuka kanuni. Namba ikitoka nje ya mipaka inayowezekana ndani ya udongo, mfano ile ya hewani, bodi haisemi "kavu sana", inasema kihisi kimechomoka. Dozi mbili zikipita bila namba kubadilika, chungu hicho kinafungwa na taarifa inatumwa: ama mpira umetoka, ama ndoo imekwisha, ama maji hayaingii kwenye udongo. Bodi haijui ni lipi kati ya hayo na haihitaji kujua.

Mtandao ulishushwa cheo. Maamuzi yote yako ndani ya bodi. Intaneti inabeba ripoti moja ya jioni. Isipofika siku mbili, jirani mwenye ufunguo anapigiwa simu. Na kipima muda cha ulinzi kilichomo ndani ya ESP32 huiwasha bodi upya ikiwa programu itakwama, jambo ambalo lile kosa lililolala lingekutana nalo.

Kuuharibu kwa makusudi

Kabla ya kukabidhi, kijana alipewa kazi ya kuuharibu, naye aliifurahia kuliko kuutengeneza. Alichomoa kihisi kwenye udongo. Alizima ruta pampu ikiwa inawaka, akachomoa umeme na kuurudisha haraka haraka, akaacha ndoo tupu, akatoa mpira chunguni ukamwaga kwenye trei. Mwisho akaipandisha ndoo juu ya stuli. Jaribio hilo la mwisho lilitoa maji kidogo yaliyokuwa ndani ya mpira, kisha basi. Lile tundu la sindano lilifanya kazi yake. Pale ndoo ilipoachwa tupu, pampu ziliwaka kwa dozi mbili tu na chungu kikafungwa, kwa hiyo hazikupata muda wa kuungua.

Pasaka familia ilisafiri tena. Spathiphyllum, Calathea na mrehani vilikwenda bila neno. Kangaga alileta taarifa mapema: dozi mbili, hakuna badiliko, kimefungwa. Jirani aliingia, akakuta mpira uko mahali pake na ndoo ina maji, ila trei ina unyevu chini ya chungu hicho. Kangaga alikuwa amepandwa kwenye mchanganyiko wenye mboji nyingi, na mchanganyiko wa namna hiyo ukikauka kupita kiasi huwa mgumu kulowa. Maji hupita pembeni, kati ya udongo na ukuta wa chungu, yakatoka chini bila kugusa mizizi. Mfumo wa kwanza ungeendelea kumwaga. Huu ulikataa, jirani akakizamisha chungu kwenye beseni mpaka mapovu yakaisha, akakirudisha.

Waliporudi, namba ya kangaga ilishushwa ili mchanganyiko ule usifikie tena ukavu huo, na dozi yake ikagawanywa asubuhi na jioni. Vihisi hutumbukizwa kwenye glasi ya maji kabla ya kila safari ndefu. Kinachosoma mbali na namba yake ya mwanzo kinatolewa. Kimoja kimeshatolewa.